Kura Thelathini na Moja za Ng'wana Masunga

Nimestaafu juzi tu. Vijana niliowaacha kwenye ofisi za kata na vijiji wameniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunafanya kazi, hasa kazi ya uchaguzi, ambayo chuoni mnafundishwa kwa siku mbili na mnadani mnafundishwa kwa matusi. Nimekubali. Ila sitaandika nilipanda cheo lini na nani alinipa mkono. Hayo yamo kwenye jalada langu, na jalada langu ni nene kwa sababu nyingine, kama mtakavyoona.

Sababu ya pili ya kuandika ni hasira. Wiki chache kabla sijaaga nilialikwa kwenye warsha hapa Shinyanga mjini, si mbali na kwangu Kambarage. Kijana mmoja mtanashati alituonyesha ukutani ramani ya namna watu wa kanda yetu wanavyopiga kura. Mwashilanga, mji mdogo nilioutumikia kwa miaka kumi, ulikuwa umepakwa rangi moja kuanzia mnadani mpaka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Akasema wakazi wa miji ya aina hiyo hupiga kura kwa mazoea na kwa ukoo. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama amewahi kufika. Akajibu kwamba takwimu zinajitosheleza. Nikakaa, nikamaliza andazi lao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Mwashilanga iko upande wa Geita. Ina mnada wa ng'ombe kila Jumatano, mashine tatu za kukoboa mpunga, duka la jumla la familia ya Kihindi ambayo babu yao alianza na chumvi na vibiriti, na nyuma ya mji kuna vilima vilivyotobolewa na wachimbaji wadogo. Nilifika pale nikiwa binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo havikumaliza wiki. Kisukuma nilikisikia vizuri, kukisema nilikuwa nakwaa kwaa, na watu walinicheka kwa adabu.

Aliyenipokea ni Mzee Lubinza, karani wa ofisi. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Mtu mwenye shida ya kweli alimkalisha kulia, na mtu aliyekuja kumpotezea muda alimkalisha kushoto, kisha akawa anaitikia kwa kichwa mpaka mtu achoke mwenyewe. Mimi siku ya kwanza alinikalisha kushoto.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa vitongoji. Tuliweka meza kwenye veranda ya shule ya msingi, nikapewa daftari lenye safu tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Akaja mama wa kwanza. Nikamwuliza anaitwa nani. Akasema, Ng'wana Shija. Nikaandika Ng'wana kwenye jina la kwanza, Shija kwenye jina la ukoo, jina la kati nikapiga kistari. Akaja wa pili, Ng'wana Lugata. Wa tatu, Ng'wana Malale. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hizo, na ilipofika saa kumi jioni nilimpelekea Mzee Lubinza daftari nikiwa najisikia.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavua miwani. Akaniuliza kama wanawake wote wa Mwashilanga wamezaliwa na mama mmoja asiyejua majina. Nilikuwa nimeandika wanawake arobaini na watatu, na wote jina lao la kwanza ni Mtoto.

Najua mtauliza Msumbwa anakosaje kujua kwamba ng'wana ni mtoto wa fulani, wakati hata Kiswahili kina mwana. Nilijua. Ila nilidhani limeshakuwa jina, kama watu wa pwani walivyo na Mwanaidi na Mwanahawa. Hilo ndilo kosa la mtu aliyesoma kidogo: anajua neno, anajua na mfano wake, halafu anakosea kwa kujiamini.

Kesho yake asubuhi Mzee Lubinza alinikabidhi baiskeli ya ofisi, isiyokuwa na kengele wala breki ya nyuma, akaniambia nipite kaya kwa kaya nikachukue majina arobaini na matatu. Nilizunguka siku nne. Nilichojifunza kwenye ile baiskeli kimenisaidia kuliko semina zote nilizokaa. Mwanamke aliyeolewa Mwashilanga jina lake la kuzaliwa alikuwa ameliacha kwao. Huku ukweni anaitwa kwa baba yake, Ng'wana fulani, mpaka apate mtoto, na wengine hata wakishapata watoto sita bado ni Ng'wana fulani. Ni heshima, si dharau. Lakini ukimwuliza jina la kwanza anakuangalia kama umemwuliza namba ya kiatu. Mama mmoja mtu mzima alitaja jina lake taratibu, kisha akasema hakuna aliyemwuliza tangu siku ya arusi.

Kaya ya thelathini na kitu nilimkuta mwanamke wa umri wangu anageuza mpunga juani kwa mguu, mtoto mgongoni. Niliamkia "mwangaluka", akaitikia, nikamweleza shida yangu. Yeye daftarini alikuwa Ng'wana Masunga.

"Doto," akaniambia. "Lakini usije ukaniita hivyo hapa, hawatajua unamwita nani."

Nikaandika Doto Masunga, nikapanda baiskeli yangu. Mkumbukeni huyo.

Sasa niseme juu ya vifaa, maana vijana wa leo mnapewa vishikwambi mnadhani kazi imekwisha. Chukua kamba yako mwenyewe ya kutenga kituo, ile ya serikali hufika siku ya pili yake. Chukua kalamu tatu za wino wa bluu na ujue kila moja iko wapi, kwa sababu kalamu inayopotea kituoni hairudi ikiwa na nia njema. Wino wa kupaka kidole ufungue wewe mwenyewe. Weka meza mahali ambapo jua la saa nane halitakupiga usoni, ukikosea hapo utaanza kugombana na watu wasio na kosa. Na mawakala wa wagombea waambie wakae upande mmoja wote, wachanganyike. Wakikaa pande mbili, saa tano tayari una vita.

Kuhusu namna watu wanavyopiga kura, mimi sina ramani, nina foleni tu. Nimesimama mbele ya foleni ya Mwashilanga chaguzi nyingi. Wa kwanza ni wanawake wanaopika chai mnadani, kwa sababu wameshaamka. Wafugaji huja wakishatoa ng'ombe. Wachimbaji hufika mchana wakiwa na vumbi jeupe masikioni, au hawafiki kabisa kama kuna rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali papya na kila mwenye sururu amehamia huko. Nimewahi kuwa na daftari zima la majina ya kitongoji kimoja na mbele yangu wamesimama wazee tisa na mchungaji wa kanisa, wengine wote wako shimoni wilaya ya jirani. Mtu wa takwimu akiona hivyo ataandika kwamba mwamko uko chini.

Na habari ya ukoo, nisikilizeni. Kuna mzee mmoja mwenye wake watatu na wana wakubwa sita, ambaye mdogo wake aligombea uenyekiti wa kitongoji. Asubuhi alifika na mji wake wote kwa mstari, akanitangazia mbele za watu kwamba kura za mji wake zinahesabika kabla ya sanduku kufunguliwa. Jioni mdogo wake alipata kura mbili, kituo kizima. Mzee alikaa akijaribu kukumbuka kama mdogo wake alijipigia. Basi nikiambiwa habari ya ukoo huwa namkumbuka yeye, na sihitaji takwimu nyingine.

Sasa nije kwenye uchaguzi wangu wa tatu pale, ambao ndio uliofanya jalada langu linenepe.

Kitongoji cha Mnadani kilikuwa na mwenyekiti wa miaka mingi, Emanueli Masunga. Hakuwa mtu mbaya. Wagonjwa aliwabeba kwa pikipiki yake mwenyewe, na barua za utambulisho aliandika hata siku ya Jumapili. Tatizo lake ni kwamba alikuwa ameshaanza kuona kitongoji ni kama shamba la baba yake. Kando ya mnada kuna uwanja mpana ambao wanawake walianikia mpunga, na siku ya Jumatano walipikia wali na nyama wafanyabiashara wa ng'ombe. Watoto wengi wa Mwashilanga wamevaa sare za shule kutokana na uwanja ule. Mwenyekiti akamwahidi mtu mmoja mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwamba baada ya uchaguzi atampatia uwanja huo. Anayejua karasha anajua kwamba palipo na mashine hiyo hapaanikwi kitu cha kuliwa. Mwenyekiti aliwaambia wanawake kwamba watatafutiwa mahali pengine. Walipouliza wapi, akasema pengine ni pengine.

Ndipo Doto Masunga akachukua fomu. Wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto wanne, sufuria zake ndizo kubwa kuliko zote pale uwanjani, na sauti yake pia. Yeye na Mwenyekiti hawakuwa ndugu. Masunga ni jina la watu wengi kwetu, baba wa huyu na baba wa yule walikuwa Masunga wawili wa vijiji viwili. Vyama vyao sivitaji. Havikuwa na kosa katika habari hii, wala sifa.

Mjue pia kwamba kwenye uchaguzi huo karatasi ya kura haikuchapishwa majina. Ilikuwa karatasi tupu yenye muhuri, mpiga kura anaandika mwenyewe jina la anayemtaka. Asiyejua kuandika anakuja na mtu anayemwamini amwandikie. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kituo.

Siku ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakukuwa na rashi popote, kwa hiyo hata wachimbaji walijipanga, wakiwemo vijana waliorudi nyumbani baada ya kupunguzwa kwenye mgodi mkubwa, ambao walipanga foleni kwa nafasi sawasawa kama walivyozoeshwa kazini. Saa kumi nikafunga kituo, nikamwaga karatasi mezani, watu wakajaa nyuma ya kamba, tukaanza kusoma moja moja kwa sauti.

Emanueli Masunga. Doto Masunga. Mwenyekiti Masunga, hiyo haikuwa na ubishi. Imanueli, Manueli, Emmanuel wa herufi zote, nikazipokea. Doto, Dotto, Ndoto, nikazipokea. Halafu ikatoka ya kwanza iliyoandikwa Ng'wana Masunga. Ikafuata nyingine, Ngwana Masunga. Nyingine Nwana Masunga. Nyingine, kwa mwandiko wa mwanafunzi aliyekuja kumwandikia bibi yake, Mwana wa Masunga. Nikaanza kuziweka kando, na rundo likawa linakua. Mwisho zikawa thelathini na moja. Bila hizo Mwenyekiti alikuwa mbele. Nazo zikiwa za Doto, Doto ameshinda.

Wakala wa Mwenyekiti, fundi cherehani mmoja mtulivu aitwaye Petro, akasimama. Hoja yake ilikuwa nzuri, na mpaka leo namheshimu kwa hiyo.

"Mama, ng'wana ni mtoto, wa kike na wa kiume. Mwenyekiti ni mtoto wa Masunga na huyu mama ni mtoto wa Masunga. Kura hizi hazina mwenyewe. Zimeharibika."

Nikamwuliza amekaa Mwashilanga muda gani. Akasema amezaliwa pale. Nikamwuliza yeye humwitaje Mwenyekiti. Akasema, Mwenyekiti. Na kabla hajawa mwenyekiti? Akasema, Baba Suzana. Nikamwuliza, na huyu mama anayegombea, ukienda kula wali kwake unamwitaje? Petro akaangalia chini. Akasema hilo si swali la kwenye fomu.

Kulikuwa na karatasi nyingine nne zilizoandikwa Masunga tu. Hizo nikasema zimeharibika, kwa sababu hata mimi sikujua ni za nani. Wakala wa Doto, mama mwenzake wa uwanjani, akanijia juu, akasema kila mtu anajua wanawake ndio wanaoandika kwa mkato. Nikamwambia kila mtu si msimamizi wa kituo. Akanuna, na alikuwa na haki ya kununa. Lakini nilikuwa nimeshapita kaya arobaini na tatu kwa baiskeli isiyo na breki, na nilijua kitu kimoja kwa hakika: pale Mnadani Ng'wana Masunga alikuwa mmoja tu. Mwongozo ulitaka kura ihesabiwe kama nia ya mpiga kura haina shaka. Mimi shaka sikuwa nayo. Nikavuta fomu, nikainama kuandika.

Ndipo Mwenyekiti mwenyewe akafika kwenye kamba, jasho linamtoka. Alikuwa ameambiwa kinachoendelea. Akaanza kusema kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba yeye ni Msukuma halisi, mtoto wa Masunga aliyejulikana mpaka Kahama, kwamba Ng'wana Masunga ni yeye tangu kuzaliwa, na kwamba wanaotaka kumvua jina la baba yake wameletwa kutoka mbali. Wa kuletwa kutoka mbali nilikuwa mimi. Sikuinua kichwa.

Doto alikuwa amesimama mita chache pembeni yake, nje ya kamba. Akamwuliza taratibu, "Baba Suzana, hapa mimi mnaniita nani?"

Mwenyekiti akageuka kwa hasira. "Bebe, wewe Ng'wana Masunga, nyamaza kwanza. Mimi naongea na serikali."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajaribu kukizuia kicheko kwa kanga, kikamshinda, na baada ya hapo ilikuwa kama mfuko wa mchele umepasuka. Walicheka hadi wachimbaji. Petro alikaa chini, akajifunika uso kwa viganja. Mwenyekiti ndiye aliyechelewa kuelewa, na nilipomwona ameelewa, nilimwonea huruma kweli, maana alikuwa mtu wa heshima na lile neno lilimtoka kwa mazoea ya kila siku.

Matokeo nikayasoma, nikayabandika kwenye mlango wa darasa. Habari ile ikawa hadithi ya mji. Mpaka leo Mwashilanga wanasema Mwenyekiti alijinyonga kwa ulimi wake, na mtu akijisema vibaya mahakamani au kwenye kikao cha mahari, wanamwambia amefanya Emanueli.

Kesho yake niliitwa kwa mkubwa wangu wa wakati huo. Ofisi na jina lake sivitaji, amestaafu kabla yangu na tukikutana tunasalimiana. Mezani alikuwa na fomu mpya, safi, haina hata mkunjo. Akanieleza kwa upole kwamba zile thelathini na moja zingekaa vizuri zaidi kwenye safu ya kura zilizoharibika, kwamba mimi ni mgeni wa lugha na hakuna atakayenilaumu kwa kukosea, na kwamba nisaini tu, mengine yatajipanga.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama yangu mgonjwa. Lakini nilikuwa nimekasirika pia, hasa kwa lile neno mgeni wa lugha. Nilikuwa nimeilipia ile lugha siku nne juani.

"Naomba uniandikie hayo kwa kalamu yako," nikamwambia, "uweke na sahihi. Nikishapata, nitayabandika mlangoni pamoja na matokeo, watu wasome vyote viwili."

Akaniuliza kama namfundisha kazi. Nikamwambia hapana, naomba maandishi. Akaishika kalamu yake. Kisha akaifunga kifuniko, akasema niende.

Barua ya karipio ilikuja baada ya wiki, ya pili baada ya mwezi, kwa kosa la kuchelewesha taarifa ya vyoo. Barua ya uhamisho ikafuata. Nilipelekwa Nkome, ziwani, mahali ambapo nilitakiwa nijifunze adabu kwa harufu ya dagaa. Nilijifunza mengi pale, adabu si mojawapo. Wavuvi nao wana majina ya kwao, mtu mmoja ana jina la mtumbwi, jina la nyumbani na jina la kukwepa madeni, na mimi nilishajua namna ya kuuliza. Siku ya kwanza tu nilimwambia karani wangu mpya afute safu aliyoanza, akaulize tena.

Doto aliongoza Mnadani miaka mitano. Karasha haikujengwa pale, imejengwa nje ya mji inakostahili, na mpunga unaanikwa mpaka leo. Niseme na lingine ambalo rafiki zake hawapendi niliseme: uchaguzi uliofuata alishindwa. Alikuwa mkali mno na vikao vyake vilikuwa virefu. Watu wale wale walioandika Ng'wana Masunga kwa miandiko kumi na mbili wakaandika jina la mtu mwingine, wakarudi kwake kula wali siku hiyo hiyo. Naye aliwapakulia. Yule kijana wa ramani angekuwepo angetafuta rangi ya kupaka, asiipate.

Mwezi uliopita nilirudi Mwashilanga kumzika Mzee Lubinza. Alikufa mzee sana, na wanawe waliniambia mpaka mwisho alichagua nani akae upande gani wa kitanda. Tukiwa tumekaa matangani baada ya mazishi, akaja mzee mmoja anatembea kwa mkongojo, akavuta kiti karibu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo nikamtambua kwa sauti. Alikuwa Emanueli.

Tuliongea ya marehemu, ya mvua, ya Suzana wake ambaye sasa ni muuguzi. Kisha akawa anachora chini kwa ncha ya mkongojo. Akasema miaka yote hii amekuwa akiisikia ile hadithi, wajukuu wake wanaitwa kwa hiyo shuleni, na kuna siku anaamka asubuhi neno lile likiwa la kwanza kichwani.

"Mama Neema," akasema, "ningefunga mdomo wangu siku ile, ningekuwa nimeshinda."

Ningeweza kumwacha na faraja yake, kwamba hakukataliwa na watu, aliponzwa na ulimi tu. Mtu mzima, msibani, mkongojo mkononi. Lakini faraja ile ilikuwa inazifuta zile kura, moja moja, pamoja na bibi aliyemleta mjukuu wake amwandikie.

"Baba Suzana, ulipofika kwenye kamba, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Akafikiri. "Ulikuwa umeinama. Unaandika."

"Nilikuwa nimemaliza kuandika. Thelathini na moja, kwa tarakimu na kwa maneno, mbele ya jina la Doto. Ulipokuwa unamwambia anyamaze, nilikuwa naweka sahihi."

Alinitazama kwa muda, akatafuta kama natania, akaona sitanii. Upande wa pili wa turubai Doto alikuwa anapakua wali, na mtu fulani alimwita Ng'wana Masunga, akaitikia bila kugeuka.

"Kwa hiyo nimejilaumu bure," mzee akasema.

"Bure kabisa, Mwenyekiti. Ulishindwa kwa kura."